Sura ya Saba: Pampu Iliyovaa Soksi

Pampu ilipowashwa, nyumba nzima ilijua. Sahani ziligongana kabatini, paka aliyekuwa amelala dirishani aliruka ukuta bila kuaga, na dalali, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa akiapa kwamba mtambo huu hausikiki hata ukiutegea sikio, alianza kukohoa kwa nguvu ili afunike mlio. Kikohozi kilimwisha kabla ya mlio.

"Ndiyo kwanza inapata moto," alisema. "Ikishapata moto inatulia kama mtoto aliyeshiba."

"Pampu ya maji ikipata moto inaungua, bwana," alisema Bi Tochi. "Zima, nipige picha."

Jina hilo la Bi Tochi alipewa na mafundi, kwa sababu hapakuwa na uvungu wa sinki wala kona ya dari ambayo hajapata kuimulika. Zamani alikuwa polisi, mpiga picha wa matukio. Alipiga picha milango iliyovunjwa, madirisha yaliyorukwa, na watu waliolala wasiamke. Alipostaafu aliondoka na kamera yake, akaanza kukagua nyumba kwa niaba ya wanunuzi. Watu wakimuuliza kama haoni amejishusha, huwajibu kwamba pampu haina jamaa wanaolia mlangoni, na hiyo peke yake ni pensheni ya pili.

Safari hii alikuwa ametumwa na mama mmoja mwokaji mikate, mwanamke mwenye tanuri kubwa na haraka kubwa kuliko tanuri. Wanunuzi wawili walishaikimbia nyumba hii kabla yake, wa kwanza kwa ajili ya makelele, wa pili kwa ajili ya maji baridi bafuni. Mwokaji alilipenda jiko lake, akataka kujua nyumba inaumwa nini. "Mimi bomba na waya sivijui," alimwambia Bi Tochi. "Saa sita mchana nakupigia simu. Ukisema nyumba ni nzima, nakuja kusaini leo hii. Ukisema mbovu, nakwenda kwingine. Basi." Kwa hiyo neno moja la Bi Tochi ndilo lingeamua nyumba hii inabaki na nani, na kila aliyekuwemo ndani alilijua hilo.

Alisimama mlangoni mwa kibanda cha pampu, nyuma ya nyumba, asiguse kitu. Huo ulikuwa mwiko wake wa tangu polisi: picha kwanza, mikono baadaye. Kila mtambo aliupiga picha kutoka mlangoni, ili ionekane umekaa wapi. Kisha mtambo mzima. Kisha kile kibati chenye jina la kiwanda na namba zake. Na mwisho, pale ambapo wakaguzi wengine hufunga mikoba yao, yeye alitoa kioo kidogo chenye mpini mrefu, kama cha daktari wa meno, akapiga picha mgongo wa mtambo. Aliamini watu husafisha usoni wakasahau kisogoni.

Pampu yenyewe ilikuwa safi kupita kawaida. Bolti zake zilipakwa grisi, mabomba yamenyooka, kila kiungo kimezungushiwa tepu nyeupe bila hata uzi mmoja kuning'inia. Mtambo uliolelewa hivi hauna haja ya kupiga kelele. Pale bomba lilipopenya ukutani palikuwa na kitambaa cha kijivu kimezungushwa, akakipiga picha nacho. Halafu akainama. Kwenye vumbi la sakafu palikuwa na alama ya kiatu chenye ncha kali mbele.

"Bwana dalali, umewahi kuingia humu?"

"Mimi? Humu? Haki ya Mungu, hata ufunguo sijui unakaa wapi."

Bi Tochi alitazama viatu vya dalali. Vilikuwa vyeusi, vinang'aa, na ncha zake zingeweza kutoboa tikiti maji. Akavipiga picha.

"Vya nini tena?" aliuliza dalali, akirudi nyuma.

"Kumbukumbu tu. Vimependeza."

Dalali alicheka, lakini alicheka akiwa ameuficha mguu mmoja nyuma ya mwingine. Bi Tochi aliliona hilo na akaliweka akiba. Madalali aliwajua. Yupo anayepandisha bei kwa mdomo, na yupo anayeishusha kwa spana, mpaka mwenye nyumba achoke, kisha anamleta binamu yake anunue kwa bei ya kutupa. Ukimkuta mtu wa namna hiyo kwenye kibanda cha pampu, huhitaji kwenda mbali.

Jikoni walimkuta binti wa mwenye nyumba akifuta meza iliyokwisha futwa. Alikuwa mfamasia, mwanamke wa makamo mwenye miwani na mikono isiyotulia, na siku hiyo aliomba ruhusa kazini ili awepo. Baba yake, mwenye nyumba, mzee mrefu mwembamba aliyepiga pasi hadi soksi, alisimama karibu na friji. Asubuhi, mlangoni, mzee alikuwa amesema, "Tunauza kwa moyo mmoja." Na binti akaongeza, "Moyo mmoja kabisa," akiitazama sakafu.

"Karibu jikoni, mama," dalali alianza. "Hili jiko, ukipika maji tu yanakuwa mchuzi..."

"Maji yenyewe hayatoki," alisema mzee.

Dalali alimgeukia kama mtu aliyepigwa ngumi na mwenzake wa timu moja.

"Yanatoka kidogo sana," mzee aliendelea kwa upole, akifungua bomba la sinki. Maji yalidondoka kwa aibu. "Andika, mwanangu. Mnunuzi lazima ajue ukweli."

"Na pampu umeisikia?" binti alidakia. "Inatutoa roho. Majirani wanalalamika. Iandike hiyo nayo."

"Hakuna jirani anayelalamika!" alisema dalali.

"Na bafuni juu hakuna maji ya moto," alisema mzee.

Binti aliacha kufuta meza. "Hita imeharibika kweli, baba? Nilidhani ni umeme ulikuwa mdogo."

"Imekufa," alisema mzee, akatazama pembeni. "Lakini hiyo pampu ndiyo siielewi. Niliifunga mwenyewe. Tangu niifunge haijawahi hata kupiga chafya. Sasa ghafla..." Hakumaliza. Usoni alionekana kama mtu aliyesikia mwanawe anatukana hadharani.

"Si uitengeneze, mzee wangu?" aliuliza Bi Tochi.

"Siku hizi siigusi." Alijibu haraka mno.

Bi Tochi aliliweka hilo nalo akiba. Katika miaka yote ya kukagua nyumba alikuwa amewaona wauzaji wakisogeza kabati kuziba ufa, wakipaka rangi ukungu, na mmoja alimkalisha mama mkwe wake juu ya vigae vilivyobanduka, akamwambia asiinuke hadi wageni waondoke. Hakuwahi kuona wauzaji wanaoshindana kuitia nyumba yao aibu. Hapa aliyeitetea alikuwa dalali peke yake, maskini, na jasho lilikuwa linamtoka.

Alipiga magoti chini ya sinki. Picha ya mbali, picha ya karibu. Koki iliyokuwa ikileta maji ilikuwa imefungwa karibu yote, ila haikuwa imekwama. Ilipakwa mafuta, nayo iligeuka kwa kidole kimoja. Akapenyeza kioo nyuma ya bomba na kupiga picha gizani bila kuona vizuri anachopiga. Taa ya kamera ilimulika kitu chekundu.

Juu, bafuni, ilikuwa hivyo hivyo. Hita ilikuwa nzima, haina kutu wala uvujaji. Alizima swichi kuu, akafungua kisanduku cha waya na kukuta waya zimetolewa mahali pake. Akaingiza kioo mgongoni mwa hita, akapiga picha. Chekundu tena. Safari hii alisogeza shingo hadi ikamuuma, akasoma kibao kidogo cha karatasi ngumu kilichoning'inia kwa waya mwembamba wa shaba. Maandishi yalikuwa ya mkono, manene, yamenyooka kama ya mwalimu ubaoni: HATARI. USIWASHE.

Dalali alikuwa amebaki ngazini akipumzisha mguu wake. "Umeona nini huko, mama?"

"Mgongo wa hita."

"Mzuri?"

"Una maneno," alisema Bi Tochi, akashuka.

Sebuleni alipiga picha feni, kiyoyozi na swichi zote, na binti akaleta chai. Mzee alipokea kikombe, akatia sukari, akaanza kuikoroga kwa mpini wa uma.

"Vijiko vya nyumba hii vina miguu," alilalamika. "Kile kizito cha mama yako hakionekani kabisa."

"Kitapatikana, baba," alisema binti, akakimbilia jikoni kuleta kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

"Mzee wangu, ulikuwa unafanya kazi gani kabla ya kustaafu?" aliuliza Bi Tochi.

"Hospitali."

"Daktari?"

"Ah, hospitali wote ni watumishi tu," alisema mzee, akanywa chai ya moto kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo mtu halifanyi kwa hiari yake.

Bi Tochi aliomba ruhusa, akatoka na kamera hadi barazani. Saa sita ilikuwa inakaribia. Alikaa kwenye ngazi, akaanza kupitia picha kwenye kioo cha kamera, akizikuza moja moja. Kazi hii ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Macho huona kile yanachokitafuta, lakini kamera haina ubaguzi, huleta kila kitu na kukuachia mwenyewe kuchambua kama mchele.

Picha ya pampu nzima: mguu mmoja umeinuka kidogo kwenye zege. Akakuza. Chini ya mguu ule kulikuwa na kitu kinachong'aa, kimepinda, chenye nakshi ya ua mwishoni. Bi Tochi alitabasamu. Akaenda kwenye picha ya bomba ukutani. Kile kitambaa cha kijivu kilikuwa na kisigino. Akatabasamu zaidi. Akafungua picha ya viatu vya dalali, akaikuza hadi juu ya kifundo cha mguu, na hapo alicheka kwa sauti, peke yake, kama mtu aliyepokea habari njema.

"Bwana dalali! Njoo mara moja, na uvue kiatu cha kushoto."

Dalali alikuja akichechemea. "Cha nini, mama? Miguu yangu haiuzwi."

"Vua."

Akavua. Mguu wa kushoto haukuwa na soksi, na kiatu kilikuwa kimeuchuna hadi lengelenge. Mguu wa kulia ulivaa soksi ya kijivu.

"Mwenzake yuko kwenye bomba la pampu," alisema Bi Tochi. "Sasa nieleze. Unaiharibu nyumba ya watu ili umletee nani?"

"Niharibu!" Dalali alikaribia kulia. "Mama, mimi nimekuja alfajiri kuifunga pampu mdomo! Yale makelele yalinifukuzia mnunuzi wa kwanza. Leo nikasema, liwalo na liwe. Nikaingia, nikaona bomba linagonga ukuta. Kitambaa sina, gundi sina. Nikavua soksi. Unadhani kuna mtu anapenda kutembea hivi? Mimi peke yangu ndiye ninayetaka nyumba hii iuzwe!"

Akashtuka kwa maneno yake mwenyewe. Bi Tochi aliinua macho kutoka kwenye kamera. Hayo maneno ya mwisho yalitoka kama mzaha, kumbe ndiyo yaliyokuwa na kila kitu ndani yake.

"Rudia hapo," alisema.

"Kwamba mimi peke yangu..."

"Inatosha. Vaa kiatu. Umeniondolea mshukiwa."

Alirudi sebuleni, akaunganisha kamera na runinga, akawaomba wote wakae. Mzee alikaa kwenye kiti chake, binti kwenye mkono wa kochi, na dalali chini, mguu wake ukipigwa upepo wa feni.

"Nina dakika chache kabla mteja wangu hajapiga simu," alisema Bi Tochi. "Atauliza kama nyumba ni nzima. Sijawahi kumdanganya mteja, na leo sianzi. Kwa hiyo nataka tuelewane kwanza. Hii ni hita ya juu."

Runinga ilijaa waya.

"Waya zimetolewa. Mwizi huzikata. Fundi kanjanja huziacha zinaning'inia, mtoto akishika tunazika. Huyu aliyezitoa hizi amefunga tepu kila ncha peke yake, akazikunja, akazirudisha kisandukuni kama nguo za sikukuu. Kisha akatundika kibao cha kuonya, halafu akakificha mgongoni mwa hita. Na chini ya sinki amefanya vilevile."

"Kibao kilichofichwa kinamwonya nani?" aliuliza dalali.

"Hakimwonyi mtu. Kimetundikwa kwa sababu aliyezima hawezi kuzima bila kutundika. Akili ilitaka kuharibu, mkono ukakataa kuharibu vibaya." Akabonyeza. Ilitokea picha ya feni ya sebuleni, na Bi Tochi akaikuza upande wa kushoto, kwenye fremu iliyotundikwa ukutani. Ndani ya fremu alisimama kijana mrefu mwembamba mwenye ovaroli, mbele ya boila kubwa, tangi la kuchemshia maji, na nyuma yake koki zimejaa vibao vidogo. "Huyu kijana mtanashati ni nani, mzee wangu?"

Mzee alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha kufunika pampu, kilikuwa cha mtu aliyekamatwa.

"Boila za hospitali," alisema. "Kule ukizima bila kibao, mwenzako anawasha, anaungua mtu. Nilijaribu kuviacha, mwanangu. Hita niliizima, nikashuka kulala bila kutundika. Usingizi ulikataa katakata. Ikabidi nipande tena."

"Baba!" Binti alikuwa amesimama. "Ni wewe? Wiki nzima naoga maji baridi, natetemeka kama kifaranga, kumbe ni wewe?"

"Nami naoga hayo hayo!" mzee alijitetea. "Lakini pampu si mimi! Siwezi kuifanyia pampu ile ushenzi wa namna ile. Kila ikiwashwa naumia hapa." Akajigusa kifua.

"Najua si wewe," alisema Bi Tochi. "Pampu ina mkono mwingine. Aliyeichokoza hakufungua hata bolti moja, kwa sababu hajui bolti. Anajua kitu kimoja tu, kwamba chuma kikitikisika juu ya chuma, kinapiga kelele." Akabonyeza. Kwenye runinga, chini ya mguu wa pampu, kilionekana kijiko kizito chenye ua mwishoni.

Mzee aliinuka kama kijana. "Kijiko changu!"

Watu wote walimgeukia binti. Binti alitazama dari. Dari haikumsaidia.

"Dawa nazijua, pampu sizijui," alisema mwishowe. "Kijiko kilianguka chini ya friji, friji ikapiga kelele hadi mgeni akauliza kama kuna mtu anachimba kisima. Ndipo nikapata wazo." Akageuka kwa ukali. "Lakini wewe ndiye uliyesema tuuze! Ulikaa kwenye kiti hicho hicho, ukasema, mwanangu tuuze. Nikasema sawa. Nilidhani nyumba inakuumiza kwa sababu ya mama. Kila chumba ni yeye. Nilidhani nikikataa nitakuwa nakufunga na kaburi."

"Inaniumiza, ndiyo," alisema mzee. Sauti ilimshuka. "Inaniumiza, na siwezi kuiacha. Kila ukuta humu tumeuinua pamoja, yeye akinishikia kamba na kuniambia nimepinda. Mimi nilisema tuuze kwa ajili yako. Ile kazi ya kule mbali, ya kuwa mkuu wa duka la dawa. Niliisikia ukiizungumza kwenye simu. Nikajisema, huyu mtoto anakosa bahati yake kwa sababu ya babu mmoja na nyumba moja. Nyumba ikiondoka, ataondoka naye."

"Ile kazi niliikataa, baba."

"Lini?"

"Siku ile ile. Ungesikiliza simu mpaka mwisho ungesikia."

Mzee alimtazama binti yake, akatazama kijiko kwenye runinga, akamtazama tena binti. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Dalali alidhani mzee analia, akajiandaa kumpa pole, lakini mzee alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika kiti.

"Kwa hiyo," alisema akifuta macho, "mimi nazima maji huku jikoni, wewe unaweka kijiko kule nyuma..."

"Na huyu bwana anavua soksi," alisema Bi Tochi.

Hapo hata binti alishindwa. Alicheka akiwa ameficha uso kwenye bega la baba yake, na hakuna aliyejua kicheko kiliishia wapi na machozi yakaanzia wapi. Bi Tochi alifurahi waziwazi. Miaka yake yote ya kazi alikuwa amewafumania watu wakificha chuki. Leo aliwafumania wakificha mapenzi, na aliona ni heri angestaafu mapema.

"Mficha uchi hazai, jamani," alisema. "Mngeulizana kwa mdomo, kijiko kingekuwa kwenye chai."

"Na mimi je?" aliuliza dalali kutoka sakafuni. "Mimi nimepoteza mauzo, na ngozi ya kisigino."

"Mwokaji bado anatafuta nyumba. Nitamwambia sijawahi kuona dalali mwingine anayevua soksi kwa ajili ya mteja."

Dalali alifikiri kidogo, uso ukamfunguka. "Ninayo moja karibu na soko! Jiko lake, ukipika maji tu..."

Simu iliita.

Wote waliganda. Bi Tochi aliipokea, akaiweka mezani kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie. Kelele za trei zilitangulia, kisha sauti ya mwokaji.

"Haya, bibi. Saa sita hiyo. Nzima au mbovu?"

Binti alimshika baba yake mkono.

"Nzima," alisema Bi Tochi. "Ni nzima kuliko nyumba zote nilizozipiga picha mwaka huu. Kuna vitu vichache vilivyoharibiwa kwa makusudi, na vitatengenezwa kabla chai haijapoa."

"Ndiyo nyumba yangu hiyo!" mwokaji alishangilia. "Nakuja na kalamu. Nipikieni..."

"Subiri, mama. Nimekwambia habari za mitambo, ndiyo kazi yangu. Kuna neno lingine, na si langu kulisema. Wenyewe hawa hapa."

Akasukuma simu mbele ya mzee. Mzee aliiinamia. Mwaka mzima alikuwa amezoea kusema kinyume cha moyo wake, kwa wanunuzi, kwa dalali, kwa mwanawe, na sasa ulimi haukujua pa kuanzia.

"Mama," alisema, "mimi... yaani sisi..."

"Mzee wangu, nina unga unaumuka huku, hausubiri mtu. Sema wazi. Mnauza au hamuuzi?"

Mzee alimtazama binti yake. Binti alimtazama baba yake, miwani imejaa ukungu.

"Hatuuzi!" walisema wote wawili kwa pamoja, kwa sauti iliyomwinua dalali sakafuni.

Upande wa pili trei ziliacha kugongana. "Heri mngeniambia wiki iliyopita, jiko lile nimeliota," alisema mwokaji, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli. Kisha akauliza, kwa udadisi, "Sasa mbona mnashangilia hivyo? Mmepata mtu anayetoa zaidi?"

"Hapana, mama," alisema mzee, na furaha ilimtetemesha sauti hadi ikabidi ajaribu tena. "Hapana. Kumbe tunakaa hapa."